Rupia ya bibi na ubishi wa kuoshwa

Rupia, sarafu za fedha za enzi za ukoloni wa Wajerumani, zilikuwa mbili, zimefungwa kwenye ncha ya leso kwa fundo moja, vile wazee walivyokuwa wakifunga nauli. Binti aliyezileta alilifungua fundo taratibu, akaziweka mezani, akasema anachotaka ni jibu la ndiyo au hapana: hii ya 1891 iliwahi kuoshwa, au haikuwahi?

Swali lilikuwa na chanzo chake. Bibi yake mzaa mama, mkazi wa Tanga, alifariki akaacha vitu vichache, na rupia hizi zikamwangukia mjukuu. Akaipeleka ile ya 1891 kwa mnunuzi wa vitu vya kale. Yule bwana aliigeuza chini ya taa, hata dakika haikuisha, akairudisha. "Hii ilishaoshwa. Naweza kukupa bei ya fedha kwa gramu, basi." Mnunuzi wa pili akasema kinyume kabisa: haijaguswa, tazama ilivyofifia, tazama hiyo zambarau na buluu ukingoni, rangi kama hizo ni za miaka. Akataja bei mara tatu ya yule wa kwanza. Nyumbani, mama yake mkubwa akaapa kwamba rupia za marehemu hazijapata kuoshwa tangu azijue. Na binamu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaja na dawa ya meno na mswaki wa zamani: mnabishana nini, isuguliwe ing'ae, bei ipande.

Kati ya wote hao, huyu binamu ndiye aliyenitisha.

Ila na mimi nina la kukiri kabla sijaendelea. Binti alikuwa amenitumia picha kwa simu siku mbili kabla. Nikaona sarafu ya kijivu, haing'ai, ina rangi nzuri pembeni, nikamjibu bila kusita kwamba haijaoshwa. Nilikosea. Kosa langu ni lile lile la watu wengi wanaoshika fedha ya zamani: tunadhani sarafu iliyooshwa ni lazima iwe nyeupe. Halafu kuna picha yenyewe. Taa ya simu humulika sarafu kutoka mbele, sawia, ikafuta kila mkwaruzo mwembamba uliopo. Tangu siku ile sitoi hukumu kwa picha hata kwa rafiki.

Tuitazame basi rupia yenyewe. Upande wa uso ana Kaisari Wilhelm II, masharubu yamekaa sawa, kichwani kofia ya kijeshi yenye tai aliyekunjua mbawa. Upande wa mgongo kuna simba na mti wa jamii ya mnazi, na jina la Kampuni ya Wadachi, yaani Wajerumani, ya Afrika Mashariki. Kampuni ilitoa rupia kwa jina lake kuanzia 1890 hadi 1902, kisha 1904 serikali ya koloni ikaanza kutoa zake. Wakati wa Kampuni rupia moja ilikuwa pesa 64. Serikali ikaigeuza kuwa heller 100, na ndiko tulikookota neno "hela". Kwa hiyo anayelalamika leo kwamba hana hela anadai sarafu ya Mdachi bila kujua.

Kipimo cha rupia hiyo hawakukibuni Wadachi. Walifuata rupia ya Uhindi, iliyokuwa imeshazoeleka katika soko la pwani: gramu 11.66, fedha sehemu 917 katika 1,000, na sehemu 83 zilizobaki shaba. Naomba msomaji aikumbuke hiyo shaba. Ni kidogo, lakini itakuja kutoa ushahidi.

Kabla ya kuuliza kama sarafu imeoshwa, uliza kwanza kama ni ya kweli, maana hakuna faida ya kuchunguza mikwaruzo ya bandia. Sumaku haikuivuta. Mizani ilisoma gramu 11.58, upungufu mdogo unaofaa kwa sarafu iliyopita mikononi. Kisha kipimo cha maji, ambacho yeyote mwenye mizani ndogo ya kusoma sehemu ya mia ya gramu anaweza kukifanya: weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize ining'inie bila kugusa chini wala pembeni. Mizani ilionyesha 1.12. Gawa 11.58 kwa 1.12, unapata 10.34 hivi, yaani gramu kwa kila sentimita ya ujazo, na huo ndio uzito wa ujazo unaotarajiwa wa mchanganyiko wa fedha na shaba wa namna ile. Nikaitoa, nikaikausha kwa kuigandamiza kati ya karatasi laini, bila kusugua. Hapa binti aliuliza kwa kicheko, "Si ndiyo umeiosha sasa?" Maji safi hayadhuru kitu. Kusugua ndiko kunakodhuru.

Sasa taa. Nilizima ya dari, nikabakiza taa moja ya mezani yenye balbu ya kawaida, nikaishika sarafu kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, nikailaza upande kidogo na kuizungusha polepole.

Mtu anayetaka kuelewa kinachotafutwa hapo aanze na namna sarafu inavyozaliwa. Chapa mbili za chuma kigumu huibana fedha kwa kishindo, na fedha husukumwa kutoka katikati kwenda pembeni kama donge la chapati chini ya kisukumio. Msukumo huo huacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho, yote ikielekea ukingoni. Ukiilaza sarafu mpya chini ya taa na kuizungusha, mistari hiyo hurudisha mwanga kwa mafungu, na mafungu hayo huzunguka juu ya sarafu kama mapanga ya pangaboi. Huo ndio mng'ao wa kiwandani. Hautengenezeki mara ya pili. Ukisugua sarafu, umeikata ile mistari. Ukiichovya kwenye dawa ya asidi inayouzwa kwa kung'arisha fedha, dawa inayeyusha weusi pamoja na ngozi nyembamba ya fedha iliyo chini yake, na kila ukirudia mistari inazidi kufa. Sarafu inabaki nyeupe, lakini nyeupe ya sufuria ya alumini: inarudisha mwanga bila uhai.

Lakini rupia ya 1891 iliyotumika sokoni hatuitarajii iwe na mapanga ya pangaboi. Imelika. Shavu la Kaisari limekuwa laini, manyoya ya tai yameungana. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema sarafu iliyolika haisomeki. Inasomeka, ila unaisoma mahali pengine. Vidole na mifuko hula vilima, mabonde huyaacha. Katikati ya herufi na herufi, chini ya kidevu, pembeni kabisa palipokingwa na ukingo ulioinuka, mabaki ya mng'ao wa kwanza hujificha kwa miaka mingi. Sarafu iliyotumika bila kusumbuliwa huwa na sura mbili: vilima vya kijivu laini, na mabonde yenye uhai kidogo au uchafu wa kweli uliogandamana.

Bahati tulikuwa na shahidi mezani. Ile rupia ya pili, ya 1910, yenye herufi J ya kiwanda cha Hamburg, ni sarafu isiyopendeza kabisa: ya kahawia, ina madoa, ina weusi mzito kuzunguka kila herufi. Mnunuzi wa kwanza hakuitaka hata kuishika. Niliiweka kwanza yenyewe chini ya taa. Kati ya herufi za neno la mwisho kulikuwa na mwanga mdogo uliotembea nilipoizungusha. Mabonde yalikuwa hai, vilima vimelala.

Nikarudi kwenye ya 1891. Vilima kijivu. Mabonde, kijivu kile kile. Kati ya herufi, chini ya kidevu, pembeni, kote ngozi moja, kama kitambaa cha satini kilichofifia. Nikaizungusha mara tatu. Hakuna kilichotembea. Palepale nilijua picha ya simu ilinidanganya, lakini kukosekana kwa mng'ao hakutoshi kumhukumu mtu. Sarafu inaweza kupoteza mng'ao kwa kuzikwa, kwa chumvi ya hewa ya bahari, kwa mengi.

Kwa hiyo kioo cha sonara, kile kinachokuza mara 10.

Ngozi za fedha hazifanani, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo kesi ilipoamuliwa. Kila sarafu iliyotumika ina mikwaruzo. Mikwaruzo ya sokoni ni ya kila namna: mmoja mrefu, mwingine mfupi, huu wa kina, ule wa juu juu, kila mmoja na mwelekeo wake, kama nyayo za watu uwanjani baada ya mechi. Mikwaruzo ya kusuguliwa ni jeshi. Ni myembamba kama nywele, imepangana, inakwenda njia moja au inazunguka kwa duara kufuata mkono wa aliyesugua. Kwenye rupia hii, upande wa uso, nywele zile zilitoka nyuma ya shingo zikapanda kwenye shavu, zikashuka upande wa pili na kuendelea uwandani, sehemu ya bapa isiyo na picha, bila kubadili mwelekeo. Upande wa mgongo zilizunguka, zikimfuata simba kama mawimbi.

Kuna kitu kinachofanana nazo ambacho hakina hatia. Mafundi wa kiwanda wakati mwingine waliisugua chapa yenyewe, na mistari ya chapa ikahamia kwenye sarafu. Lakini mstari wa kwenye chapa ni mfereji, hivyo kwenye sarafu unakuwa umeinuka. Na kwa kuwa chapa husuguliwa sehemu zake za bapa, mistari hiyo hukomea kwenye picha na herufi, haipandi juu yake. Hii ya kwetu ilikuwa imechimbwa, na ilipanda kila kitu: shavu, kofia, herufi. Dhana ya chapa ikafa.

Sasa kitu kilichonifurahisha zaidi. Tazama rangi iliyo ndani ya mkwaruzo. Kama mkwaruzo umekuja baada ya sarafu kubadilika rangi, chini yake utaona fedha tupu, nyeupe, kama gome la muembe lililochunwa na kisu. Kama mkwaruzo ulitangulia na rangi ikafuata, rangi itaingia ndani yake. Na pengine itakolea humo kuliko pembeni. Nywele zote za rupia hii zilikuwa na rangi ndani. Kwenye ile sehemu ya buluu zilikuwa buluu. Aliyeisugua aliisugua kwanza, halafu sarafu ikalala muda mrefu ikajifunika upya.

Kwa hiyo mnunuzi wa pili hakudanganya kuhusu rangi. Rangi ni ya kweli. Weusi wa fedha si kutu ya chuma. Ni utando wa fedha iliyoshikana na salfa ya hewani, salfa inayotoka kwenye sufu, mpira, mayai, na baadhi ya karatasi. Utando ukiwa mwembamba sana huonekana njano. Ukiongezeka huwa dhahabu, kisha wekundu wa zambarau, kisha buluu, na mwisho weusi. Ni fizikia ile ile ya dizeli iliyomwagika juu ya dimbwi: rangi inatokana na unene wa utando. Anayepika rangi kwa haraka, kwa salfa na moto, mara nyingi hukosea mpangilio huo. Buluu inakaa ubavuni mwa njano bila zambarau katikati, au rangi moja inamwagika juu ya vilima na mabonde bila kujali. Hapa mpangilio ulikuwa sawa: kijivu hafifu katikati, njano, zambarau, buluu pembeni kabisa, penye utando mzito. Leso ya bibi ilifanya kazi yake taratibu. Ila ilifanya kazi hiyo juu ya ngozi iliyokwisha kusuguliwa.

Kwenye pembe za ndani za herufi nilikuta punje za rangi ya maziwa, zimegandamana, zimefunikwa na utando. Uchafu wa sokoni huwa mweusi au kahawia, wa mafuta ya mikono na vumbi, kama ule wa rupia ya 1910. Punje nyeupe ni mabaki ya unga wa kusugulia: chaki, majivu laini, au dawa ya kung'arishia. Unga huingia kwenye pembe, kitambaa kikapita juu, ukabaki. Sikuzigusa kwa sindano kuthibitisha. Mchunguzi anayekwaruza ushahidi anajiongeza kwenye orodha ya washukiwa.

Mpaka hapo nilikuwa na "imeoshwa". Sikuwa na "kwa nini". Jibu lilikuwa ukingoni, mahali ambapo wanunuzi wote wawili hawakutazama.

Rupia ina meno kuzunguka ukingo. Niliyafuata kwa kioo kama mtu anayehesabu tasbihi. Juu kabisa, sawia na mbawa za tai, meno manne au matano hayakuwepo. Palikuwa laini, pamepigwa tupa, na rangi ya hapo ilikuwa tofauti kidogo, nyeupe ya unjano. Kuzunguka hapo, ngozi ya sarafu ilikuwa na weupe wa kufifia kuliko sehemu nyingine, kama chokaa chini ya kijivu.

Hiyo ni alama ya kitanzi. Rupia ilikuwa kidani.

Kila kitu kikakaa mahali pake. Wanawake wa pwani walivaa rupia na riali kwenye mikufu. Fedha ilikuwa akiba unayotembea nayo. Ili sarafu ivaliwe bila kutobolewa, sonara hulehemu kitanzi ukingoni. Siku mwenye mali akitaka kitanzi kitoke, sonara hupasha moto, hukitoa, hupiga tupa mabaki. Hapo ile shaba niliyosema tuikumbuke inaingia. Fedha yenye shaba ikipashwa moto, shaba ya juu huungua na kuwa nyeusi. Sonara huichovya kwenye asidi nyepesi. Wa zamani walitumia ndimu, ukwaju au shabu. Asidi huondoa shaba iliyoungua na kuacha juu ngozi ya fedha karibu tupu, nyeupe lakini iliyolala, haina mng'ao. Ndiyo ule weupe wa chokaa. Halafu, kwa kuwa fundi anayejiheshimu hamrudishii mteja kitu chenye mabaka, huisugua yote ilingane. Mgongo wa rupia ulikuwa umelika kuliko uso, na hilo nalo likapata maelezo: ndio uliokuwa ukisugua kifuani juu ya nguo.

Nilijaribu kuipinga hoja yangu mwenyewe. Je, kama bibi aliipangusa tu kwa khanga kila sikukuu? Kupangusa kwa kitambaa kikavu huacha nywele, kweli, lakini vilimani. Kitambaa hakifiki chini ya kidevu wala ndani ya herufi. Hizi zilifika. Je, mikwaruzo ilitokana na kuvaliwa kama kidani? Kidani hukwaruzika mgongo zaidi ya uso, na kwa njia ya kubembea. Uso huu ulikuwa na jeshi lililopangwa. Je, kama kitanzi kilitolewa na mtu asiyesugua? Basi tungeona baka moja jeupe na sarafu nyingine salama. Hapa sarafu yote ilikuwa imesuguliwa, si hapo ukingoni tu. Nikaridhika.

Nadharia hizi, niseme, si za kuhamishia kila sarafu. Riali ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria ambayo babu zetu waliijua kuliko hii, ina mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mingi baadaye, maana Vienna na viwanda vingine viliendelea kuirudia kwa tarehe ile ile. Ukiona riali ya "1780" inazungusha mapanga ya mwanga kama mpya, pengine kweli ni mpya, wala hakuna aliyeiosha. Na shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha robo tu. Ngozi yao hulika na kubadilika rangi kwa namna nyingine kabisa, na anayezipima kwa macho ya rupia atazionea.

Tukampigia simu mama mkubwa. Nilimwamkia, nikampa pole ya msiba, nikauliza kwa upole kama marehemu aliwahi kuivaa ile rupia ya Mdachi mwenye kofia.

"Eh! Aliivaa sana. Ilikuwa ya mkufuni. Akaja akaitoa alipofiwa na mumewe, akasema hana tena wa kumpambia."

Nikauliza ilitolewa na nani.

"Si sonara, mwanangu. Kitanzi kile nani angekitoa kwa mkono?"

Na sonara, je, hakuiosha?

Hapo sauti ikabadilika, kama mtu aliyechokozwa. "Nimeshasema haijaoshwa. Sonara hakuiosha. Aliirudisha tu inang'aa."

Binti aliziba mdomo kwa leso. Mimi nilicheka baadaye, baada ya kukata simu, maana kwa ile sentensi ubishi wote uliisha bila mtu kushindwa. Kwa mama mkubwa, kuosha ni kazi ya nyumbani: maji, sabuni, majivu, mikono ya mtu asiye fundi. Hilo halikufanyika, naye hakusema uongo. Alichofanya sonara kwake kinaitwa kutengeneza. Kwa mnunuzi wa sarafu, mkono wowote uliobadilisha ngozi ya fedha umeiosha, awe na cheti au hana. Kampuni za Marekani zinazopima sarafu, PCGS na NGC, nazo zina msimamo huo: sarafu nzuri hupewa namba katika ngazi ya 1 hadi 70, lakini iliyosuguliwa hunyimwa namba, ikaandikiwa kwa maneno kiwango cha kulika kwake na kasoro yake.

Jambo lililonishughulisha njiani kurudi ni la wale wanunuzi. Wa kwanza alikuwa na kila sababu ya kuidharau sarafu, maana ndiye aliyetaka kuinunua kwa bei ya chini. Lakini alisema kweli. Wa pili alikuwa anajiumiza mwenyewe kwa kuisifu. Alikosea kwa moyo safi, kama nilivyokosea mimi kwenye picha, kwa kuamini kwamba rangi ya uzee ni cheti cha kutoguswa. Lakini kweli ya yule wa kwanza haikumpa haki ya bei yake. Gramu 11.58 za rupia zina fedha halisi gramu 10.6 hivi, na bei ya gramu hizo ndiyo bei ya kitu kinachokwenda kuyeyushwa. Rupia ya Kampuni ya 1891, hata iliyosuguliwa na kuvuliwa kitanzi, bado ina tarehe yake, ina Kaisari wake, na wapo watu wanaoitafuta kwa hivyo ilivyo alimradi waambiwe ukweli. Nilimshauri binti kwamba akiuza, aandike mwenyewe: iliwahi kuwa kidani, imesuguliwa zamani, imepata rangi upya. Anayenunua kwa maelezo hayo hatarudi kugonga mlango.

Je, irudishwe vipi katika hali yake ya mwanzo? Hairudi. Kuichovya tena kungeondoa ile zambarau na buluu, kitu pekee kizuri ilichojipatia, na kuacha nywele zote wazi, nyeupe, mbele ya kila mtu. Soda na karatasi ya alumini, ambayo inasifiwa sana jikoni kwa sababu haisugui, hugeuza utando kuwa fedha tena, lakini fedha inayorudi ni ya vipunje visivyoshikana, imelala. Kama sarafu ina mafuta au ule ute wa kijani unaotoka kwenye vifuko vya plastiki laini, asetoni safi huutoa bila kugusa fedha, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Zaidi ya hapo, acha.

Binti aliamua kutouza. Tukaiweka ya 1891 kwenye kifuko cha plastiki ngumu isiyo na ute, nikamwambia kitambaa cha bibi akitunze pembeni kama kumbukumbu, kisikae na sarafu tena. Dawa ya meno aliirudishia binamu.

Alipokuwa anafunga mkoba aliikumbuka ile ya 1910, ambayo muda wote ilikuwa imekaa chini ya taa kama shahidi aliyesahaulika mahakamani, kahawia, madoa, weusi umejaa kwenye herufi. Akaniuliza kama hii nayo inahitaji kifuko, maana alikuwa na mpango wa kumpa yule binamu aichezee.

Nikaiweka kwenye mizani kwanza.